Chupa Nyekundu Isiyoisha

Kijana akija kwangu hapa DeSoto, Texas, akaniambia, "Bibi, mashine yetu kazini inasoma vizuri," mimi humuuliza: inasoma vizuri, nani kasema? Wengi hucheka. Wanadhani bibi anatafuta ugomvi. Siyo ugomvi, jamani. Mashine ya kupima uchachu, ile tunayoiita pi-echi, haijui kitu mpaka uifundishe. Kila asubuhi inaamka imesahau kidogo. Unaichovya kwenye maji ambayo uchachu wake unajulikana, unaiambia, hii ni saba. Unaichovya kwenye mengine, unaiambia, hii ni nne. Basi, sasa inajua kusoma. Ukiidanganya asubuhi, nayo itawadanganya wenzako kutwa nzima, tena kwa tarakimu mbili baada ya nukta, kwa macho makavu kabisa.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, kwanza Houston, halafu Dallas, kwenye viwanda vya achari na sosi ya pilipili. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, na nyinyi mnanijia kabla ya intavyu zenu za kazi mkitaka niwape siri. Nikiwasalimu kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiingereza, lakini pilau yangu mnaielewa bila mkalimani. Haya, leo kaeni. Nitawafundisha kipimo, na humo humo nitawaambia jinsi nilivyokaribia kumfukuzisha kazi mwanamke mwenzangu kwa kosa lililotoka kinywani mwangu mimi. Hili sijawahi kulisema hadharani, kwa hiyo msinikatize.

Aliyenifundisha mimi ni mzee mmoja wa El Salvador tuliyemwita Don Beto. Wakati huo nakaa Sharpstown, mtaa wa Houston, nimetoka Morogoro na sanduku moja na mwanangu Neema, na nimepata kazi kiwanda cha achari ya matango kwa kudra tu. Kiingereza cha Don Beto kilikuwa kibovu, changu kibovu zaidi, kwa hiyo tulifundishana kwa mikono. Siku ya kwanza alinipa kijiti, yaani ile fimbo ya kupimia ambayo mwishoni ina kibonge cha kioo chembamba. Nikakitoa kwenye maji nikakifuta kwa aproni, nikakisugua hasa, maana kwetu kitu kikifutwa kifutike. Mzee wa watu akaruka! Akanishika mkono, akatoa simu, akanionyesha picha ya mjukuu wake mchanga, akaweka kidole juu ya kichwa cha mtoto pale katikati. Nikaelewa palepale: utosi. Kile kioo ni utosi. Hakisuguliwi. Unakigusisha tishu laini, inanyonya lile tone, imetosha. Ukikisugua unakitia chaji, namba zinaanza kucheza rumba.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ijumaa moja nilikiosha kijiti vizuri, nikakikausha, nikakilaza juu ya kitambaa cheupe kama sahani ya wageni. Nilijiona msafi kweli. Jumatatu namba haikutulia: nne, tano, nne na nusu, tano tena. Don Beto alitazama tu, akavuta pumzi. Kile kioo hakitakiwi kukauka kamwe. Kinalala kwenye kikofia chake chenye maji yake maalumu ya chumvi, wala siyo maji safi ya chupa, kwa sababu maji safi yanainyonya chumvi iliyo ndani mpaka kinadhoofu. Alikiloweka asubuhi nzima, na mimi akanipeleka kuosha mapipa ya siki ili nipate muda wa kutafakari. Nilitafakari, na pua ikawaka wiki nzima.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa kupima. Nilipima chai, soda, maji ya bomba, mate yangu mwenyewe. Nilipima hadi kahawa ya bosi, na bosi hakufurahi kukuta kijiti ndani ya kikombe chake. Lakini ndivyo mtu anavyojifunza. Nilijua kwamba kitu cha moto lazima kipoe kwanza. Nilijua kwamba namba ikitokea huikimbilii kuiandika. Unaisubiri mpaka isimame. Don Beto alikuwa akinyanyua kidole, anahesabu kimyakimya kwa Kihispania, kidole kikishuka ndipo naandika. Mpaka leo nikisubiri kitu, iwe basi au daktari, nanyanyua kidole.

Nilipohamia Dallas nilikuwa fundi kamili, na hapo ndipo ujeuri uliponiingia. Kiwanda kilikuwa cha sosi ya pilipili na pilipili nzima za siki kwenye chupa. Nyinyi mnaoona sosi ni kitu cha kumwagia kwenye mishikaki, sikilizeni. Chupa ikishafungwa, ndani hamna hewa, na kuna kijidudu kinachopenda mahali hapo kuliko popote. Kinatengeneza sumu isiyo na harufu, isiyo na rangi, na mtu analala hospitali akipumuliwa na mashine. Kinachokizuia ni uchachu tu. Sheria inasema sosi ikae chini ya nne nukta sita, maana namba ikishuka uchachu unazidi. Sisi kiwandani tulijiwekea nne nukta mbili ili tuwe na nafasi ya kupumua. Kila pipa lilipimwa, na kila asubuhi mashine iliwekwa sawa kwanza, na chini ya karatasi kulikuwa na sahihi yangu: Mama Neema. Jina langu la kwenye hati ni refu, hakuna aliyelimudu.

Basi nikaletewa msaidizi. Mama Furaha, Mkongo wa upande wa Fizi, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye watoto watano na mume mgonjwa. Alikaa Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, na ili afike zamu ya asubuhi alipanda treni, akashuka, akapanda basi, akamalizia kwa miguu. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, mimi mwenye gari nachelewa. Kabla ya Texas alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi sana, wanawe wote wamezaliwa huko. Alikuwa bado yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, na mshahara wake ndio uliolisha watu saba. Alikuwa ameniambia mwenyewe tukila chakula cha mchana: "Mama Neema, hii kazi ikinitoka, sijui."

Kiswahili chake na changu ni ndugu, lakini ndugu wa mama tofauti: penye "ndiye" au "ndipo" yeye husema "njo". Namba alizitaja kwa Kifaransa. Tulikuwa na chupa tatu za maji ya kusahihishia, ambayo kwa kitaalamu huitwa bafa: nyekundu ni nne, ya njano ni saba, ya bluu ni kumi. Wametia rangi makusudi ili watu wasichanganye. Meneja wetu, Mista Dale, Mteksasi mrefu mwenye haraka, alikuwa akipita mlangoni anauliza kwa Kiingereza kama mashine iko "set", yaani tayari. Mama Furaha anajibu kwa nguvu, "Sept!" Kwake hiyo ni saba kwa Kifaransa, na hutamkwa "set" vilevile: mashine iko kwenye chupa ya njano, inasoma saba. Mista Dale anainua dole gumba, anapita zake. Wiki mbili nzima walielewana hivyo, mimi nakufa kwa kicheko nyuma ya friji. Ningejua neno lingine linakuja kunicheka mimi, ningenyamaza.

Siku niliyomfundisha Mama Furaha kuweka mashine sawa, nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimefanya kazi ile mara elfu, na mtu akishafanya jambo mara elfu hulifundisha kwa mkato. Nikamwambia: mimina kidogo kwenye kikombe, chovya, subiri isimame, bonyeza, suuza kijiti, nenda kwenye nyekundu. Ukimaliza, rudisha. Na nikaonyesha kwa mkono upande wa kabati, nikiwa tayari nimeshageuka natoka.

Rudisha. Hilo ndilo neno. Mimi nilimaanisha chupa irudi kabatini.

Siku zikaenda. Mama Furaha alikuwa na mkono mzuri, mtulivu, namba zake safi, mwandiko wake kama wa mtawa. Nami nikaacha kumsimamia, nikawa natia sahihi nikiwa nimesimama, jicho moja kwenye simu. Kuna kitu kimoja tu nilikiona, nikakisifia. Chupa nyekundu ilikuwa haiishi. Zamani ilikuwa inaisha upesi, na Mista Dale analalamika tunamwaga hovyo. Sasa wiki ya sita, chupa iko palepale! Nikamwita mbele ya wenzake wa zamu nikasema, mwangalieni huyu, mwanamke anayejua kutunza vitu. Akaona haya, akainamisha kichwa, akatabasamu.

Na kuna kitu cha pili nilikiona, nikakipuuza, na hapa ndipo mtoe kalamu. Ukimaliza kusahihisha, mashine inakupa asilimia. Inakuambia kijiti kina nguvu kiasi gani. Kijiti kizima kinakuja tisini na nane, tisini na saba. Chetu kilianza tisini na nane, kikaja tisini na sita, tisini na tano, tisini na tatu. Nikasema aah, kijiti kinazeeka kama mimi. Bado mashine inakikubali, bado haipigi kelele, basi. Sikujiuliza kwa nini kijiti kipya kizeeke kwa wiki sita. Ile asilimia isomeni kila siku, mwiandike, na ikitelemka iulizeni chupa kabla ya kukilaumu kijiti.

Alhamisi moja asubuhi nilikwenda kabatini kutafuta glavu. Jua lilikuwa linaingia dirishani, likapiga zile chupa tatu. Ya bluu, bluu. Ya njano, njano. Ya nyekundu ilikuwa na rangi ya chungwa.

Nikaishika nikaiweka kwenye mwanga. Chungwa kabisa, kama juisi ya watoto. Nikafungua chupa mpya nyekundu, nikamimina kwenye kikombe kipya, nikachovya. Mashine iliyokuwa imewekwa sawa saa moja iliyopita ingepaswa kusema nne. Ikasema tatu nukta saba tisa. Nikanyanyua kidole, nikahesabu. Ikabaki palepale.

Hesabu yake ni rahisi, msiogope. Ile chupa haikuwa nne tena. Ilikuwa imepanda, inakaribia nne nukta mbili. Na kila asubuhi tulikuwa tunaiambia mashine, hii ni nne. Kwa hiyo kila sosi ilionekana kali kuliko ilivyo. Pipa lililosomeka nne nukta moja, ukweli wake ni karibu nne nukta tatu. Tulikuwa tumeivuka mipaka yetu wenyewe, tunaelekea kwenye ule mstari wa sheria, na tunapiga miluzi.

Nikamwita Mama Furaha. Nikamwambia, nionyeshe unavyofanya. Akanionyesha, bila hofu yoyote. Kikombe kimoja. Akamimina ya njano, akachovya, akasubiri, akabonyeza, akasuuza kijiti. Kisha akaichukua ile ya njano iliyobaki kikombeni akairudisha kwenye chupa yake taratibu, hakumwaga hata tone. Kikombe kile kile, bado kina majimaji ya njano, akamimina nyekundu. Akachovya. Akabonyeza. Na nyekundu yote, pamoja na njano iliyobaki humo, akairudisha kwenye chupa nyekundu. Wiki sita, kila asubuhi. Ndiyo maana chupa ilikuwa haiishi.

Mista Dale aliposikia uso ulimbadilika. Ghala lote likasimamishwa. Sosi ya wiki kadhaa ikafungwa utepe wa njano, na lori moja lilikuwa limeshaondoka kwenda Houston. Likapigiwa simu lirudi. Sampuli zikapelekwa maabara ya nje. Halafu akatuita sisi wawili ofisini kwake. Juu ya meza kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kuna mstari unaouliza ni nani aliyekosea. Kwa kuwa Kiingereza cha Mama Furaha kilikuwa bado hakijakomaa, mkalimani nikawa mimi.

Mista Dale akauliza kwa nini aliyamimina maji kwenye chupa.

Mama Furaha akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anashangaa tu. Akasema, "Mama Neema, si weye njo uliniambia nirudishe? Njo nikarudisha. Na ile maji ni safi, kijiti kimegusa tu. Kule kambini maji safi tuliyapangia foleni na madumu toka asubuhi, mama. Sasa niyamwage?"

Nikasikia kila neno. Nikamgeukia Mista Dale, na nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri cha miaka yote: Anasema aliyarudisha kwa sababu hapendi kumwaga maji safi.

Nusu. Nilitafsiri nusu. Ile nusu yenye jina langu niliimeza.

Msinitazame hivyo. Mimi mwenyewe nimejitazama hivyo vya kutosha. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, nilikuwa fundi mkuu wa maabara, na nilikuwa nimezoea kuheshimiwa. Niliogopa. Hakuna maelezo mengine, niliogopa tu. Mista Dale akaandika jina la Mama Furaha kwenye ule mstari, akamwambia aende nyumbani, Jumatatu atapewa uamuzi, na sote tulijua uamuzi wa mtu aliye kwenye majaribio ni upi. Mama Furaha alivua koti la maabara, akalikunja vizuri, akalitundika. Akaniambia, "Asante mama kwa kunisemea."

We acha tu.

Jioni ile nilimpigia mwanangu Neema, ambaye bado anakaa Houston, Sharpstown ile ile. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimempelekea boksi la sosi yetu, kwa maringo, ona kazi ya mama yako. Nikamwambia, usifungue chupa hata moja.

"Mama, mbili tumeshamaliza," akasema. "Hata mtoto anaipenda, anachovyea ugali. Kuna nini?"

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne. Nikamwambia azitupe zilizobaki, amwangalie mtoto macho, kama kope zinalegea au sauti inabadilika aende hospitali bila kunipigia. Nilikaa kitini na simu mkononi. Wakati naiwaza ile nusu niliyoimeza ofisini, nilikuwa nadhani nimejificha mimi peke yangu. Kumbe nilikuwa nimelificha kosa lenyewe. Kama meneja anadhani tatizo ni mwanamke mmoja anayependa maji, atamfukuza, na mimi nitamfundisha mwingine kwa neno lile lile, huku nimegeuka natoka.

Mtoto hakupata kitu, Mungu mkubwa. Na majibu ya maabara yalipokuja, kila sosi ilikuwa chini ya ule mstari wa sheria. Nyingi zilikuwa zimevuka mpaka wetu wa kiwandani tu, zikamwagwa. Hakuna aliyeumwa. Lakini majibu hayo yalichelewa, na mimi Jumamosi nilikuwa sijui.

Jumamosi nikaenda Vickery Meadow. Nilizunguka yale majengo, yote yanafanana, watoto wanacheza mpira kati ya magari, mpaka nikauliza kwa Kiswahili na wakanionyesha. Mama Furaha alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti kizuri, akamtuma binti yake aniletee soda. Mumewe alikuwa kwenye kochi, akanisalimia akiwa amejifunika blanketi. Nikasema sikuja kunywa soda, nimekuja na neno. Nikamwambia: siku ile ofisini, ulisema mambo mawili. Mimi nilimwambia bosi moja.

Akauliza, "Ile ya rudisha hukuisema?"

"Sikuisema."

"Ulisahau?"

Nyinyi mnaona, alinipa mlango wa kutokea. Nilikuwa naweza kusema ndiyo nilisahau, tukanywa soda. Nikasema, "Sikusahau. Niliogopa."

Mama Furaha akamtoa binti yake nje. Halafu akanisema. Sikujua kama mwanamke mpole vile ana maneno yale. Aliniambia amelala siku mbili akijiona mjinga, akijiona mtu wa kambini asiyejua kazi za watu, na mimi nilikuwa najua. Aliniambia, "Nilikuita mama." Sikujitetea. Soda ikabaki mezani inatoa mapovu. Nilipoinuka kuondoka hakunisindikiza.

Jumatatu nikamtangulia Mista Dale mlangoni. Nikamwambia kuna nusu sikuitafsiri. Akakunja uso. Nikamweleza: nilimwambia mtu huyu neno moja la Kiswahili, nikaondoka. Akauliza neno gani. Nikalisema, nikamtafsiria kwa Kiingereza kama lilivyo. Akalirudia kwa Kiingereza, polepole. Akalirudia tena. Akatazama chupa, akatazama kabati, akatazama chupa. Hata kwa lugha yake lilikuwa linaelekea pande zote mbili. Akakaa chini. Akauliza ni mara ngapi nilimsimamia tangu siku ile. Nikasema hata moja. Akauliza zile asilimia kwenye karatasi nilizisoma. Nikasema nilizisoma, nikatia sahihi.

Alifuta jina kwenye ule mstari akaandika langu. Mama Furaha akarudishwa kazini siku ile ile. Mimi nikatolewa maabara, nikapelekwa kwenye mstari wa vifuniko, chupa zinapita, unakaza, zinapita, unakaza, na ufunguo wa kabati nikaukabidhi. Nilistahili. Magoti haya mnayoyaona yalianzia huko, lakini usingizi ulirudi.

Mama Furaha hakusema nami miezi miwili. Salamu tu, ile ya kazini. Nikipita na toroli la vifuniko namwona kupitia kioo cha maabara. Alikuwa ameweka vikombe vitatu, kimoja kimoja na utepe wa rangi yake. Kwenye kila chupa ameandika tarehe iliyofunguliwa. Na juu ya sinki amebandika karatasi kubwa kwa mwandiko wake wa kitawa: MWAGA. Chini yake Kifaransa, Kihispania, Kiingereza. Nilimwona siku moja anamimina kikombe cha nyekundu kwenye sinki, mkono mwingine umeshika ukingo, anatazama maji yakizunguka mpaka yanaisha. Baadaye sana aliniambia, "Kila siku naimwaga, mama, na kila siku roho inauma." Mmarekani gani atalielewa hilo? Nyinyi je, mliozaliwa na bomba jikoni?

Alipita majaribio. Alipandishwa. Mwaka uliofuata, kiwanda kilipohitaji mtu wa pili maabara, Mista Dale akaniita akasema naweza kurudi, kwa sharti moja: nifundishwe upya toka mwanzo na fundi mkuu, na fundi mkuu ndiye atakayeamua kama natosha. Fundi mkuu alikuwa Mama Furaha.

Nikaingia na koti jipya. Alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma. Hakutabasamu.

"Anza," akasema.

Nikatoa kijiti kwenye kikofia chake. Nikakisuuza, nikagusisha tishu, sikusugua. Kikombe cha njano, ya njano. Nikachovya, nikanyanyua kidole, nikasubiri, namba ikasimama, nikabonyeza. Nikasuuza. Kikombe cha nyekundu, nyekundu. Nikasubiri. Nikabonyeza. Mashine ikanipa tisini na nane, nikaisoma kwa sauti, nikaiandika. Nikachovya tena kwenye nyekundu ya kuhakikishia, kutoka chupa nyingine ambayo haikutumika kusahihishia. Nne nukta sifuri.

"Ukimaliza?"

"Namwaga." Nikamwaga vyote viwili kwenye sinki, mbele yake.

"Na chupa?"

Nikazifunga, nikazibeba hadi kabatini, nikazipanga. Nikafungua mdomo kusema nimefanya nini, na neno lenyewe likanifika kwenye ncha ya ulimi, maana Kiswahili hakina lingine jepesi. Nikamwona ananitazama. Nikafunga mdomo, nikaonyesha kabati kwa kidole.

Alicheka mpaka akashika meza. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka. Akafuta macho kwa ncha ya koti, akavuta karatasi, akachukua kalamu. Kabla ya kuandika aliisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari, kila namba, amekaa kitini. Halafu, chini ya jina langu, akatia sahihi yake.